Kusitiri Si Kuficha: Gemu la Kutisha Lilivyonikumbusha Bibi Harusi Niliyemshonea



Najua wengi wenu mnaingia hapa kutafuta mitindo ya shela, rangi za hina na dua za maharusi. Leo nawaomba mnivumilie kidogo, maana nataka kuzungumzia gemu. Ndiyo, gemu la kompyuta, tena la kutisha. Likizo iliyopita mdogo wangu wa kiume anayesoma chuo Mwanza alikuja kukaa nami hapa Busisi. Akawa anafungua laptopu yake dukani wakati mimi nashona. Siku moja akaniambia, "Dada, leo nacheza la kutisha, usije ukajichoma sindano." Nikavuta kiti ili jicho moja liwe kwenye pindo na jingine kwenye skrini.

Gemu lenyewe linaitwa The Town of Light, yaani Mji wa Nuru. Lilitengenezwa na kampuni ndogo ya Italia iitwayo LKA, ya mji wa Florence, likatoka mwaka 2016. Hadithi yake inatokea Volterra, mji wa kale ulio juu ya kilima katika mkoa wa Toscana. Mji huo upo kweli, na hata jengo linaloonyeshwa lipo kweli: ni hospitali ya vichaa iliyofunguliwa mwaka 1888, ambayo wakati fulani ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 4,000 kwa pamoja. Leo ni magofu yaliyomezwa na miti. Watengenezaji waliyachora vyumba kwa vyumba, na wewe unayecheza unatembea humo ukiwa ndani ya macho ya msichana anayeitwa Renée.

Renée ametungwa, lakini walimtunga baada ya kupekua habari za hospitali hiyo na za wagonjwa wa zama zile. Katika gemu analetwa hospitalini tarehe 12 Machi 1938, akiwa na miaka kumi na sita.

Nilikaa nikisubiri shetani. Kila mlango ukifunguliwa nashika kifua. Mwishowe nikamuuliza mdogo wangu, "Sasa hilo jinamizi linatokea saa ngapi?" Akacheka. "Halitokei, dada. Humu hamna jinamizi. Ni watu tu."

Na kweli dada zangu, hakuna mzuka hata mmoja wa kupigana naye, wala hupewi panga wala bunduki. Unatembea kwenye korido, unaokota karatasi, unasoma faili, unasukuma kiti cha magurudumu ukiwa umemkalisha mwanasesere. Kidogo kidogo unaelewa alichofanyiwa msichana yule. Alivuliwa nguo mbele ya watu asiowajua. Alifungwa kitandani. Wenye mamlaka waliandika maneno juu yake, na hakuna aliyekaa naye kumuuliza na kungoja jibu. Mwisho wake ni upasuaji wa ubongo, ule uliofanywa zamani ili mgonjwa "atulie".

Sindano iliniangukia. Sikuogopa skrini. Nilimkumbuka bibi harusi wangu mmoja.

Kisa chake nakieleza kwa ruhusa yake, na nimebadilisha mambo machache ili asijulikane. Ni miaka kadhaa imepita, kabla daraja letu halijajengwa. Aliletwa na shangazi yake kushonewa gauni la nikahi. Siku ya kwanza nilipompima alikuwa binti wa umbo la kawaida, mkimya. Alipokuja kujaribisha mara ya kwanza, nikapunguza kiuno inchi moja na nusu. Mara ya pili nikapunguza tena. Nilikuwa nikimuuliza jambo, shangazi ndiye anajibu. Namuuliza kama zipu inambana, shangazi anasema haimbani. Binti anatazama ukutani, midomo inacheza kana kwamba anaongea na mtu.

Nilipomvua ile blauzi ili nipime bega upya, nikaona alama za kamba kwenye vifundo vya mikono yote miwili. Shangazi akaona kuwa nimeona. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mikono ya gauni iwe mirefu ifike vidoleni, utie na lesi nzito mwishoni. Tunamsitiri. Akishaolewa atatulia."

Nami nilishona mikono ile. Niliishona vizuri sana, mpaka siku ya harusi watu waliuliza ni fundi gani. Nililipwa pesa yangu yote, nikashukuru.

Ndoa haikumaliza miezi mitatu. Alirudishwa kwao akiwa katika hali mbaya kuliko alivyoondoka, huku upande wa mume wakilalamika kwamba wamedanganywa, na kwa kweli walikuwa wamedanganywa. Mimi nilijua ninachojua, sikumwambia mtu.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Sisi tumelichukua neno kusitiri, neno zuri katika dini yetu, tukaligeuza kuwa kuficha. Binti akiugua akili tunamfungia chumba cha nyuma, tunamnyang'anya simu, tunawaambia majirani kasafiri. Kisha tunamtafutia mume haraka, kana kwamba mahari ni dozi. Tukiulizwa tunasema tunamsitiri. Hapana, dada zangu. Tunayemsitiri pale ni sisi wenyewe, jina letu na ukoo wetu. Yeye tumemwacha wazi kabisa.

Nikadadisi zaidi habari za Volterra, nikaona jinsi hali yao zamani ilivyofanana na yetu leo. Italia ilikuwa na sheria ya mwaka 1904 iliyoruhusu mtu kufungiwa hospitalini kwa kuwa ni hatari kwake au kwa wengine, au kwa sababu analeta aibu mbele ya watu. Aibu, dada zangu! Iliandikwa kwenye sheria kabisa. Kwetu haijaandikwa popote, lakini ni mabinti wangapi wamefungiwa kwa kosa hilo hilo?

Kuna jambo jingine la Volterra ambalo si la kutungwa. Wagonjwa walikuwa wakiwaandikia barua ndugu zao, na nyingi hazikutumwa. Zilitiwa kwenye faili zao zikakaa humo miaka na miaka, mpaka zilipokuja kutolewa na kuchapishwa kitabu. Mama alikuwa akisubiri barua ya mwanawe, mtoto akisubiri jibu la mama, na katikati yao pana kabati. Mgonjwa mwingine, Oreste Fernando Nannetti, alichonga maandishi na michoro kwenye ukuta wa ua. Hakuwa na kalamu. Alitumia pini ya bakoli ya kizibao cha sare ya hospitali, akachonga mita kwa mita. Mimi fundi wa nguo nilipoona hilo nilinyamaza. Kwenye nguo waliyomvisha alipata kitu kimoja tu cha kusemea, akakitumia.

Italia ilibadilika. Daktari mmoja, Franco Basaglia, na wenzake walipigania wagonjwa wasifungiwe kama wahalifu. Sheria ya Mei 1978 ikaanza kuzifunga hospitali za namna ile, ya Volterra ikiwemo, na matibabu yakapelekwa karibu na watu.

Sasa nitarudi kwetu, maana najua kuna anayesema, "Hayo ya Wazungu, sisi Waislamu tuna yetu." Naam, tunayo, tena mazuri zaidi. Wakati nchi nyingi hazijui la kufanya na wagonjwa wa akili, miji ya Kiislamu ilikuwa na hospitali zilizowapokea. Damascus ilikuwa na hospitali ya Nur ad-Din tangu mwaka 1154, na Cairo ikajengewa ya Sultani Qalawun mwaka 1284, na wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao humo. Hawakuonekana takataka.

Nyuma ya hapo kuna Mtume wetu mwenyewe, sallallahu alayhi wasallam. Mnakijua kisa cha yule mwanamke aliyekuwa na maradhi ya kuanguka, kama kilivyopokewa na Ibn Abbas, Allah amridhie. Alimwendea Mtume akamweleza kwamba anaanguka, na akianguka mwili wake unafunuka. Akaomba aombewe. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua moja, kwamba asiwe anafunuka. Mtume akamwombea.

Nimekisikia kisa hiki tangu madrasa, lakini nimekielewa ukubwani. Tazama: mgonjwa alikuja mwenyewe. Alizungumza mwenyewe, hakuna shangazi aliyejibu kwa niaba yake. Aliulizwa anachotaka, na alichokitaka kikaheshimiwa. Sitara aliyoiomba ilikuwa sitara ya mwili wake na heshima yake, na akaipata bila kufungiwa chumbani. Kile ndicho kipimo chetu. Renée aliwekwa ndani ya kuta nene na bado akaachwa uchi. Huyu alitembea barabarani kati ya watu, akasitiriwa.

Sisemi majini hayapo. Ni Muislamu, Qur'ani imeyataja, nami nasoma kinga zangu asubuhi na jioni. Sipingi ruqya inayosomwa na mtu mcha Mungu. Ninachopinga ni kumfanya jini kuwa jibu la kila swali, binti akae mwaka mzima ananyweshwa kombe na kufukizwa na kufungwa kamba, wala hajaonwa na daktari hata siku moja. Mtume ametufundisha kujitibu, akatuambia kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa. Hakuutoa ugonjwa wa akili katika maneno hayo. Mwenye malaria tunamsomea na kumpeleka zahanati. Basi na huyu asomewe, na apelekwe.

Na pa kumpeleka papo. Ninyi mlioko Unguja mna Kidongo Chekundu. Huku Bara Dodoma kuna Mirembe, iliyopo tangu enzi za Waingereza, na Tanga kuna Lutindi, iliyoanzishwa na wamisionari enzi za Wajerumani. Sisi wa kanda ya ziwa tuna Bugando, Mwanza. Lakini tazama tulivyoyafanya majina hayo. Yamekuwa matusi na vichekesho. Mtu akikosea kidogo, "Huyu katoroka Mirembe." Tukishalifanya jina la hospitali kuwa tusi, mama gani atathubutu kusema mbele ya mawifi zake kwamba mwanawe anahudhuria kliniki pale?

Huku Busisi tulikuwa na kisingizio kingine, kivuko. Mgonjwa akizidiwa usiku, unasubiri mashua kubwa ije kutoka Kigongo, foleni ndefu, mawimbi, na mgonjwa anapiga kelele watu wote wanamtazama. Familia zikaona heri mganga wa jirani. Tangu Juni 2025 tuna daraja, kama kilomita tatu juu ya maji, unavuka kabla hujamaliza kusoma nyiradi zako. Kisingizio cha maji kimekwisha. Kilichobaki ni aibu tu, na aibu haijengewi daraja na serikali. Tunaijenga wenyewe njia ya kuivuka, kwa midomo yetu.

Kwa hiyo naomba niseme na makundi matatu.

La kwanza ni wazazi na mashangazi. Ndoa si dawa. Msongo wa harusi, kuhama nyumba, kukosa usingizi, mimba na uzazi, vyote hivyo vinaweza kumzidishia mgonjwa badala ya kumpunguzia. Mtibuni kwanza, atulie, halafu posa ije na ukweli usemwe. Kumficha mchumba ugonjwa unaoujua ni udanganyifu, na ndoa iliyoanza kwa udanganyifu inabomoka kama ile niliyoishonea gauni. Mtaniambia, "Tukisema, nani atamuoa?" Wapo wanaoolewa wakiwa wanatumia dawa zao, na waume zao wanajua, na wanalea watoto. Ugonjwa haujamharamishia mtu ndoa.

Na ridhaa yake ni lazima. Khansa binti Khidham aliozwa na baba yake bila kuridhia, akaenda kwa Mtume, na Mtume akaivunja nikahi ile. Huku Bara hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtu ambaye akili yake, japo kwa muda, haielewi maana ya tendo la kufunga ndoa, hahesabiwi ametoa ridhaa. Binti anayezungumza na ukuta akiambiwa "sema ndiyo" akasema ndiyo, mnajua wenyewe kama hiyo ni ndiyo.

La pili ni sisi tunaomhudumia bibi harusi: mafundi, wapaka hina, wapambaji, masomo na makungwi. Dada zangu, watu wengine wanamuona bibi harusi akiwa ndani ya shela. Sisi tunamuona bila shela. Tunaishika mikono yake, tunamuosha, tunampima. Anayekonda kila wiki tunamjua. Asiyelala tunamjua. Mwenye alama tunaziona. Kule Volterra walikuwapo wauguzi na wafuaji, watu wa kawaida waliokwenda kazini asubuhi na kurudi kwao jioni, na waliona. Nisiwanyooshee kidole, maana nilikuwa mmoja wao na tepu yangu shingoni.

Tunaweza kufanya nini? Kwanza tupate dakika tano peke yetu na bibi harusi. Mwambie msindikizaji, "Mama, nisubiri nje kidogo, namvalisha ndani." Muulize, "Mdogo wangu, unalala? Unakula? Unaitaka ndoa hii?" Halafu nyamaza, ungoje jibu, hata likichelewa. Ukiona mambo mazito, zungumza na mama yake kwa siri, kwa adabu, usilipeleke kibarazani. Mama asiposikia, kuna shekhe anayeaminika, kuna mjomba mwenye busara, kuna ustawi wa jamii. Kulifikisha jambo kwa anayeweza kumsaidia si kumfedhehesha. Kumfedhehesha ni kulipeleka kwa asiyeweza kusaidia.

La tatu ni wewe bibi harusi unayesoma haya usiku, usingizi umekukimbia. Kama kichwani mwako kuna sauti, au kuna giza lisiloondoka, au umejifungua na humtaki mtoto wako na unaogopa kulisema hilo, sikiliza. Wewe si mbaya. Imani yako si pungufu. Wewe ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na mgonjwa ana ujira kwa Mola wake na ana haki ya kutibiwa. Mwambie mtu mmoja leo. Asiposikia, mwambie wa pili. Barua yako isikae kabatini.

Kuhusu gemu lenyewe, sikushauri ukalicheze. Lina picha za utupu na ukatili mwingi, si la watoto kabisa, na kama wewe mwenyewe umeumizwa huko nyuma, liache. Mdogo wangu alilimaliza, mimi niliacha pale wanapomfunga kitandani nikaenda kuswali Asr. Lakini siwezi kusema ni upuuzi. Vijana wanaopenda kutishwa waliingia humo wakitafuta mizuka, wakakutana na binti wa miaka kumi na sita ambaye hakuna aliyemsikiliza. Hilo ni fundisho, hata kama limekuja kwa mlango ambao sisi hatuupitii.

Bibi harusi wangu yule mama yake alimpeleka hospitali baadaye, wakati huo bado ni kwa kivuko. Haikuwa rahisi. Dawa ya kwanza ilimnenepesha na kumlaza mchana kutwa, wakabadilisha. Kuna miezi mizuri na miezi migumu. Hajaolewa tena, wala sijui kama anataka, sijamuuliza.

Kabla ya Idi alikuja dukani peke yake. Nikatoa tepu, nikaanza kumpima mkono, nikajikuta nateremka mpaka vidoleni kwa mazoea. Akaushika mkono wangu, akaurudisha juu kidogo. "Hapa panatosha, dada," akasema. "Nahitaji kufua."

Nikakata hapo alipoonyesha. Kisha nikamwomba msamaha, jambo ambalo lilinichukua miaka.

Allah atusitiri kwa sitara yake, awaponye wagonjwa wetu, na atufanye wenye kusikia. Amin.